Makochi Yangu, Kucha za Mwenyekiti

Kochi letu la watu watatu lina nafasi ya mtu mmoja na nusu. Upande wa kushoto mipira ya chini imekatika. Anayeketi hapo anazama mpaka magoti yanakutana na kidevu, na kumnyanyua kunataka vijana wawili na heshima nyingi. Upande wa kulia kitambaa kimechanwachanwa, sponji linachungulia nje, na ukikaa vibaya unasimama na nyuzi umezibeba kwenye suruali. Katikati pazima. Lakini katikati ni pa Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni paka. Jina alipewa na watoto tangu siku ya kwanza alipoingia ndani, akavikagua viti vyote, akachagua kimoja, akakaa. Chaguzi zimekuja zimepita, yeye yumo.

Mgeni akipiga hodi hapa kwetu Malinyi, kila mtu anaijua kazi yake. Mtoto mkubwa anamwondoa Mwenyekiti. Mdogo anatandika khanga upande uliochanika. Mama watoto anamzuia mgeni mlangoni kwa salamu: za siku nyingi, za mashamba, mpunga umeitikaje, na wale ng'ombe wameshatoka kwenye majaruba? Salamu za huku bondeni hazijafupishwa bado, kwa hiyo zinatosha kabisa kupanga sebule. Khanga ikishakaa sawa ndipo mimi nasema, "Karibu, karibu sana, pita hapa katikati." Mgeni anapita, anakaa, anainuka na manyoya ya paka matakoni. Hasemi kitu. Watu wa Malinyi wana adabu.

Kabla sijaendelea kumsema, acha kwanza nimtetee. Hapa ukivuna mpunga huuzi siku hiyo hiyo, maana wakati wa mavuno bei inakuwa chini. Unapanga gunia chumba cha nyuma, unasubiri. Panya nao wanasubiri. Nyumba ya mkulima wa mpunga isiyokuwa na paka ni ghala la panya lenye wapangaji binadamu. Kwa hiyo paka si pambo; aliletwa kwa ajira, na mshahara wake ni vichwa vya perege wa Mto Kilombero. Hapo ndipo mama watoto anapopata neno: "Umemshibisha samaki asubuhi na jioni, halafu unataka akakimbizane na panya usiku? Wewe ungekimbia?"

Na tukubaliane, huu mkoa wetu wa Morogoro ni mkoa wa panya. Pale mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapo hapo, alipelekwa Kambodia kikazi, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu kwa heshima, akafa Januari 2022, magazeti ya dunia yakamwandikia tanzia. Hivyo ndivyo panya wa mkoa huu wanavyofanya kazi. Paka wangu medali hana. Ana kochi.

Suala la kucha nililipeleka kwa bwana mifugo, ambaye alishangaa kidogo maana alizoea kuitwa kwa ng'ombe. Akanieleza kwamba paka hakwaruzi kwa ubaya. Anavua ganda la juu la ukucha lililokufa ili lililo kali litoke. Ananyoosha mgongo na mabega akitoka kulala. Na zaidi ya yote anaandika. Chini ya nyayo zake kuna tezi za harufu, na kila akikwaruza anaacha ujumbe kwamba hapa pana mwenyewe. Ndiyo maana hakwaruzi nyuma ya kabati mahali pa siri. Anachagua kona ya kochi iliyo karibu na mlango, pale kila apitaye ataisoma.

Dawa za mtaani nilizipata bure na nyingi. Kuna aliyesema limao, nikapaka limao, tukapata sisimizi. Kuna aliyesema pilipili, nikanyunyiza pilipili, akakaa shemeji. Bwana mifugo yeye alisema nitafute gogo, nilizungushie kamba ya katani, nilisimamishe pale pale anapokwaruza, si nyuma ya nyumba, maana paka hahami kwa kuambiwa; anahama kwa kupewa kilicho bora zaidi hapo hapo alipo. Katani kwetu Morogoro si kitu cha kutafuta kwa tochi. Nikapata kipande cha mwembe, nikakivisha kamba kuanzia chini hadi juu, nikakisimamisha sebuleni kando ya kochi.

Gogo lilifanya kazi nusu: mchana anakwaruza gogo, usiku anakwaruza kochi. Lakini kwa wageni lilifanya kazi kamili. Mtu akiingia, akaona gogo limefungwa kamba limesimama sebuleni kwangu mimi mwalimu, hakai hata hapo katikati. Anamaliza shida yake amesimama. Mzee mmoja wa mtaani aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole nilikokwenda kulitengenezea, na kama huyo mtaalamu bado anapokea watu.

Hali ingeendelea hivyo kwa miaka kama si ujumbe kutoka Mahenge. Kuna vijana wawili, mmoja wao ni binti yetu, walikuwa wamekwisha kuelewana, na upande wa kijana ukatuma neno kwamba mpunga ukishaingia ndani, wazee watakuja kuleta posa. Neno hilo lilipofika, mama watoto hakuangalia kalenda. Aliangalia kochi.

"Baba, hawa wakwe tutawakalisha wapi?"

Nikasema hapa hapa.

"Wapi hapa hapa? Kwenye zile kucha?"

Mama watoto msimamo wake ulikuwa wazi: tununue mpya. Na sababu alikuwa nayo ng'ambo ya barabara. Jirani yetu msimu uliopita aliuza mpunga vizuri, akaagiza sofa za Keko. Asiyeijua Keko ya Dar es Salaam aelewe kwamba huko barabara nzima ni samani, vitanda na sofa zimetoka nje zinapunga upepo, na nusu ya sebule za nchi hii zina kitu kilichoanzia pale. Jirani aliona picha kwenye simu, akatuma hela, akasubiri.

Sofa huku halisafiri kwa tiketi. Linasubiri lori. Msimu wa mavuno Fuso zinatoka Malinyi na mpunga, zinashusha Ifakara, Morogoro au Dar, na mwenye shida yake anamtafuta dereva anayerudi, wanaelewana, sofa linapandishwa juu ya saruji au kreti za soda na kufungwa kamba. Hadi Mikumi ni lami, hakuna la kusimulia. Mikumi gari linakata, linashuka Kidatu, linapita kwenye miwa, linafika Ifakara. Pale Mto Kilombero sasa kuna daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Zamani sofa lilipanga foleni ya kivuko pamoja na kuku, pikipiki na wagonjwa. Mpaka hapo bado ni sofa jipya. Baada ya Lupiro ndipo linaanza kuzeeka. Itete linapata vumbi, Mtimbira linapata mtikisiko, na likiingia Malinyi limeshakuwa na historia.

Za jirani zilifika na mguu mmoja pungufu, uliopatikana wiki iliyofuata kwenye gunia la dereva. Lakini zilikuwa zinang'aa. Rangi ya maziwa, leza tupu, zenye umbo la herufi L, na nailoni yake ya kiwandani juu. Hiyo nailoni haijatoka hadi leo. Jirani anasema anaitunza sofa isichafuke. Ukienda kumsalimia mwezi wa kumi, joto la bonde hili likiwa kazini, unakaa kwenye nailoni iliyo juu ya leza, na ukitaka kuondoka unajibandua kwa awamu. Mazungumzo kwake yamekuwa marefu mno, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusimama.

Upande wa pili wa hoja alikuwa mama yangu mzazi, ambaye hakutaka mpya wala kukarabati. "Wakwe wakalie mkeka," alisema. "Posa yangu mimi ililetwa kwenye mkeka wa ukindu, na baba yako hakukimbia. Mkeka umewahi kuuona umevunjika springi?" Hoja hii haikupata jibu, ikaahirishwa.

Mimi nilikuwa katikati, na kwa kweli sikuwa na msimamo ila huruma ya mfuko. Nikaita fundi.

Fundi makochi wa kwetu anatembea na baiskeli na mfuko wa salfeti wenye kisu, bisibisi, koleo, nyundo na penseli iliyokaa sikioni. Hakuliangalia kitambaa hata kidogo. Mama watoto anamwonyesha palipochanika, yeye anatikisa kichwa tu. Alilishika kochi kwa kona moja, akalinyanyua, akaliachia. Akalisukuma mgongo huku na huku, akisikiliza viungo. Kisha akalipindua miguu juu, pale sebuleni, akachomoa kisu, akaparua chini ya mguu kidogo, akalamba kidole akasugua. Rangi ya kahawia yenye wekundu ikatokea.

"Mwalimu, hili kochi nani kakuuzia?"

Nikamwambia lilichongwa Ifakara, zamani, wakati nimeajiriwa.

"Hii mninga," akasema, kwa sauti ambayo daktari huitumia akiona moyo bado unapiga. "Angalia viungo. Hakuna msumari hapa. Amechonga ulimi, ameingiza kwenye tundu, akagonga kipini cha mti. Mchwa wamepita hapa, wameonja, wameondoka. Leo huu mti ukiutaka ni vibali, na hela yako ni nyingi. Mgonjwa hana shida ya mifupa. Shida ni ngozi na nyama."

Kisha akatukalisha, sisi wenye kochi, akatupa darasa, na mimi mwalimu nikanyamaza. Watu wengi, alisema, wanatupa kochi kwa sababu ya kitambaa, wakati kitambaa ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Kwanza tikisa. Likilia kwenye kona, gundi na vipini vinatosha. Likipinda, fremu imekwisha, usipoteze kitambaa chako. Choma bisibisi chini ya mbao. Ikizama na unga ukatoka, limebunguliwa, lichome moto lisije likaambukiza kabati. Sponji nalo usilionee huruma. Libonyeze kwa goti, lisiporudi, limekufa. Na kama paka amelikojolea, hakuna sabuni. Mkojo wa paka unaacha chembechembe ndani ya sponji zinazokauka na kutulia kimya. Masika ikija, hewa ikijaa unyevu, harufu inafufuka. Mbao unaweza kuiosha kwa siki ukaianika juani ikapona. Sponji zima lazima litupwe.

Tukatazamana na mama watoto. Tulikuwa tumeshalaumu choo cha jirani kila masika.

Halafu akaanza kufungua mgongo wa kochi, na hapo ndipo watoto wote wa mtaa walipokusanyika dirishani. Chini ya kitambaa cha nje kulikuwa na kiroba cha sandarusi. Chini ya sandarusi mikanda iliyokatwa kutoka tyubu ya gari, mingine bado ina chapa ya saizi ya tairi. Akavuta. Ikatoka sarafu ya shilingi 50, ile ya faru na mtoto wake. Ikatoka kalamu nyekundu, nusu ya kitana, kifuniko cha chupa ya uji na kitufe cha shati nililolizika zamani. Akavuta tena, pakatoka makapi ya mpunga. Akanyamaza. Akachungulia, akaingiza mkono taratibu, akatoa kiota.

Kilikuwa kiota cha panya, kikubwa, kimejengwa kwa ustadi ambao hata fundi aliukubali kwa kichwa. Nje sponji lililotafunwa likawa pamba, katikati vipande vya daftari la mtoto, ndani pamelazwa manyoya laini ya kijivu yenye mistari. Manyoya ya Mwenyekiti mwenyewe. Pembeni ghala dogo la mpunga wetu, umemenywa safi, maganda yamewekwa upande mmoja. Miaka yote hiyo paka alikuwa amelala juu ya paa la nyumba ya panya, anawapasha joto, na wao wanatandika kitanda kwa nywele zake.

Panya wawili wakaruka, mmoja akapita katikati ya miguu ya fundi, mwingine akaelekea chumba cha nyuma, nyumbani kwake kwa zamani. Watoto wakapiga kelele. Mwenyekiti alikuwa juu ya kabati, anaangalia. Alifumba jicho moja.

Jirani naye alikuwa amekuja kuangalia, na bila shaka kufariji. Akasema ndiyo maana yeye alinunua mpya. Fundi hakujibu, ila kazi ilipotulia alimwomba waende wakaone, kwa kujifunza tu. Tukavuka barabara wote. Akalipindua lile sofa kwa mkono mmoja, jambo ambalo peke yake lilimnyima jirani raha, akafungua kidogo kitambaa cheusi cha chini. Keko wapo mafundi wa kweli, nasisitiza, na wapo wanaopiga picha sofa ya mwenzao. Hili lilitoka kwa nani hakuna ajuaye, kwa sababu lilinunuliwa kwenye simu. Mbao ilikuwa msindano, nyeupe, bado inatoa utomvu. Mkono wa sofa, ule mnene wa fahari unaoegemea, ndani ulikuwa umejazwa katoni. Na kwenye katoni maandishi yalikuwa yanasomeka vizuri: WEKA MAHALI PAKAVU.

Malinyi. Masika. Tulirudi kimya.

Usiku tulikaa na kalamu. Kitambaa mita 18 kwa shilingi 9,000 ni 162,000. Sponji, inchi nne za kukalia na inchi mbili za mgongoni, 140,000. Mipira, gundi, pini, uzi na zipu, 28,000. Ufundi 150,000. Jumla 480,000 kwa seti nzima. Mpya kutoka Dar ni 1,250,000, na nauli ya lori 110,000. Namba hizi peke yake hazikumtikisa mama watoto. Hela ya karatasi huwa haimuumi. Lakini kwetu hesabu ya kweli inafanywa kwa gunia, na mpunga wakati ule ulikuwa shilingi 80,000. Kukarabati gunia sita, kununua gunia kumi na saba. Akainuka, akaenda chumba cha nyuma na tochi, akazihesabu gunia moja moja kwa mkono, akarudi.

"Fundi aje," alisema.

Kulikuwa na njia ya tatu ambayo fundi aliitaja na sisi tukaipita haraka: kuchonga mapya hapa hapa kwa mbao ya mtiki. Miti hiyo kampuni ya Kilombero Valley Teak wameipanda bondeni humu tangu miaka ya 1990, mchwa wanaisusa, na mtu anayeanza maisha ningemshauri aanze na hiyo kabla ya kutuma hela kwenye picha. Lakini mwenye fremu ya mninga kwenda kuchonga nyingine ni kutafuta mke wa pili kwa sababu wa kwanza gauni limechakaa. Mfano huu nilimpa fundi tukiwa wawili tu.

Likabaki suala la kitambaa, na hapa ndipo naona mchango wangu haukuthaminiwa. Mama watoto alitaka damu ya mzee, kwa sababu ni rangi ya heshima. Mimi nilikuwa nimefikiri zaidi. Manyoya yatadondoka tu, hata tufanyeje. Basi kitambaa kiwe na rangi ya paka. Nilichukua kiboksi cha kiberiti, nikakichana kichwa cha Mwenyekiti kwa ile nusu ya kitana, nikaweka manyoya ndani, nikapanda gari kwenda Ifakara.

Muuza vitambaa alikuwa na mistari, maua, na kimoja chenye picha za simba ambacho nilikiona ni uchokozi. Nikafungua kiberiti changu juu ya meza.

"Mzee, hii ni sampo au ni dawa?"

Nikamwambia ni paka. Akasogea nyuma kidogo, lakini ni mfanyabiashara. Akashusha jora moja baada ya jingine, tukawa tunalinganisha mlangoni kwenye mwanga. Fundi alikuwa amenipa sharti moja: nikwaruze kila kitambaa kwa ukucha. Kile cha kufumwa chenye vitanzi, ukucha unanasa na uzi unavutika, na paka ndicho anachokipenda, kwa sababu kinamjibu. Velveti, yenye manyoya mafupi yaliyobanana, ukucha unateleza. Basi nikasimama pale dukani mtu mzima nakwaruza majora kwa mikono miwili, wateja wengine wakasubiri nimalize. Nilitoka na velveti ya kijivu, na ukiweka manyoya ya Mwenyekiti juu yake huyaoni. Nilijiona nimeshinda.

Kitambaa tukakihifadhi chini ya kitanda, kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko, kikimsubiri fundi amalize shughuli ya msiba kijijini kwao. Mwenyekiti naye siku hizo alikuwa haonekani, na tumbo lake tulilihesabia perege. Asubuhi moja mama watoto aliinama kuchukua kandambili, akabaki ameinama.

"Baba watoto, njoo uone rangi yako."

Alikuwa amejifungua. Watoto wanne, macho yamefumba, wamelala juu ya mita 18 za velveti, rangi zao na rangi ya kitambaa zimelingana kiasi kwamba wa nne tulimgundua baadaye. Fundi alipofika, akaambiwa asubiri, kwa sababu watoto wa nyumba walikuwa wameshaamua kwamba hakuna kumhamisha mama mzazi mpaka watoto wafumbue macho, na macho ya paka huchukua wiki moja au mbili. Fundi akauliza kama wakwe wanalijua hilo. Mkubwa wangu akamjibu kwamba wakwe macho yao yameshafunguka.

Hatimaye kitambaa kilifuliwa, kikaanikwa uani, kikakatwa pale palipobaki safi, na fundi, kwa kubana hapa na kuunga pale kwenye migongo isiyoonekana, akaitosheleza seti nzima. Makochi yalipendeza. Nayasema haya nikiwa sina sababu ya kumfurahisha mtu. Ulikuwa ukikaa unabaki ulipokaa. Mwenyekiti aliyakagua, akasimama kwa miguu ya nyuma kwenye kona ile ile, akavuta kucha, zikateleza. Akajaribu tena. Akaliendea gogo. Jioni akaligundua pazia.

Wazee wa Mahenge walikuja saa sita mchana, joto limepamba moto. Walikaribishwa ndani, wakasimama mlangoni, wakayasifu makochi, na mkubwa wao akasema sebule ni nzuri sana ila kule nje chini ya mwembe kuna upepo. Mama yangu alikuwa ameshatandika mkeka wa ukindu kule tangu alfajiri, bila kumwambia mtu. Posa ililetwa hapo, ikasikilizwa hapo, wali na kuku vikaliwa hapo. Makochi ya velveti yalibaki ndani na paka watano.

Siku ya kumalizia malipo, fundi alipokea noti, akahesabu, akarudisha 20,000 mezani.

"Hii ya nini?"

"Mwalimu, naomba hao watoto wa paka wawili."

Nikampa kwa moyo mweupe, nikidhani anakwenda kulindia sponji zake kibandani. Baadaye nilimwona mmoja wa wale watoto ng'ambo ya barabara, amelala juu ya nailoni. Jirani alinisimulia kwa furaha kwamba fundi ni mtu wa watu. Alipopita kumrekebishia ule mguu wa sofa hakumdai hata senti, na akamwachia kapaka kazuri, zawadi. Wa pili yuko kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye naye sofa zake ni mpya.

Siku hizi nikikutana na fundi sokoni, anasimamisha baiskeli kabisa, anashika mkono wangu kwa mikono miwili, na kabla hajauliza habari za mama watoto anauliza, "Mwalimu, Mwenyekiti hajambo? Anatarajia lini tena?"